Kubadili Rangi Moja Katika Picha: Marekebisho Yanaishia Wapi, Upotoshaji Unaanzia Wapi?

"Imeeditiwa" limekuwa neno la kuhukumu picha kwa haraka. Hulisema mnunuzi aliyeletewa kitenge kisichofanana na kile alichokiona kwenye simu, shabiki anayehisi ngozi ya msanii imeng'arishwa, na msomaji wa habari anayetilia shaka wekundu wa anga juu ya jiji linaloungua. Wapiga picha na wahariri wa video nao wana jibu lao: wamerekebisha rangi tu, na hakuna picha ya kidijitali inayotoka bila marekebisho. Kila upande una sehemu ya ukweli, na ndiyo maana ubishi haumaliziki. Uchambuzi huu unahusu kazi moja mahususi, yaani kuchagua rangi fulani ndani ya picha au video na kuibadili huku nyingine zikiachwa zilivyo. Unashikilia kwamba kazi hiyo kwa asili yake si uongo, wala si jambo lisilo na madhara. Uzito wake unategemea kile ambacho rangi iliyoguswa inamshuhudia mtazamaji.

Rangi ndani ya faili

Kamera ya kidijitali haihifadhi rangi kama macho yanavyoziona. Kihisi chake hupima kiasi cha mwanga, na juu ya kila kitundu cha kupimia kuna kichujio chekundu, cha kijani au cha buluu. Mpangilio unaotumika katika kamera nyingi hadi leo ulibuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak, aliyepata hataza yake mwaka 1976, na ndani yake vichujio vya kijani ni maradufu ya vyekundu au vya buluu. Kila nukta ya picha huishia kuwa tarakimu tatu. Lakini kabla ya kufika hapo, kamera imeshaamua mwanga wa mahali pale unahesabiwa kuwa mweupe kwa kiwango gani, kwa sababu taa ya balbu ya zamani ina umanjano mwingi kuliko jua la mchana, na kivuli kina ubuluu. Uamuzi huo hugusa kila rangi, hata kama mpiga picha hakubonyeza kitu. Ndiyo sababu ya kwanza ya mkanganyiko: watu hulinganisha picha "iliyoguswa" na picha "isiyoguswa", ilhali ile ya pili haipo.

Tarakimu tatu za nyekundu, kijani na buluu ni ngumu kwa binadamu kuzichezea moja kwa moja. Kwa hiyo programu huzigeuza kuwa sifa tatu zinazoeleweka: aina ya rangi, ukolevu wake na mwangaza wake. Aina ya rangi huwekwa kwenye duara la nyuzi 360, ambamo nyekundu iko kwenye 0, njano kwenye 60, kijani kwenye 120 na buluu kwenye 240. Mhariri anaposogeza slaida ya kijani, yaani kitelezi cha kurekebisha rangi hiyo, anaiambia programu itafute nukta zote zilizo karibu na nyuzi hizo na kuzibadilisha. Programu haijui kama nukta hiyo ni jani, gari au shati. Inajua pembe tu.

Mfano wa tarakimu unaonyesha faida na hatari kwa pamoja. Nukta ya ngozi ya kahawia yenye nyekundu 141, kijani 85 na buluu 36 iko kwenye nyuzi 28. Udongo mwekundu wenye 160, 82 na 45 uko kwenye nyuzi 19. Jani lililokomaa lenye 85, 107 na 47 liko kwenye nyuzi 82. Kati ya jani na ngozi kuna nafasi ya nyuzi 54, na mhariri anaweza kulibadili jani asiguse uso wa mtu. Kati ya ngozi na udongo kuna nyuzi 9 tu. Anayetaka kuupoza wekundu wa barabara ya vumbi kwa slaida ya rangi ya chungwa atawapauza pia watu wanaotembea juu yake, pamoja na milango ya mbao na kuta za matofali ya kuchoma. Katika mazingira yetu, ambamo udongo mwekundu na ngozi ya kahawia viko pamoja katika picha nyingi, hilo ni tatizo la kila siku.

Kuchagua kwa rangi na kuchagua kwa eneo

Njia ya pili huchagua mahali badala ya rangi. Mhariri huchora maski, yaani mpaka wa kuzunguka uso au gauni, kisha mabadiliko hubaki ndani ya mpaka huo. Kwenye picha ya mnato kazi hii huchukua dakika chache. Kwenye video ni ngumu zaidi, kwa sababu kitu husogea na maski lazima ikifuate fremu baada ya fremu, na sekunde moja ina fremu 24, 25 au 30. Programu za sasa zinaweza kumtambua mtu na kumfuatilia zenyewe, jambo lililopunguza gharama mno. Wahariri wazoefu huchanganya njia zote mbili: maski huzuia mabadiliko yasivuke mpaka, na uchaguzi wa rangi huzuia yasiguse vitu vingine vilivyo ndani ya mpaka huo.

Video ina udhaifu mwingine ambao watazamaji wengi hawaujui. Faili nyingi za simu na kamera za kawaida huhifadhi mwangaza wa kila nukta lakini hutunza sampuli moja tu ya rangi kwa kila nukta nne. Video ya upana wa 1920 na kimo cha 1080 huwa na nukta milioni 2 na zaidi za mwangaza, huku taarifa za rangi zikiwa na upana wa 960 na kimo cha 540. Uchaguzi wa rangi hutegemea taarifa hizo chache, kwa hiyo kingo za nywele na mikono hutoka na meno-meno au chenga. Aidha, faili ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi ya msingi, wakati ya biti 10 ina 1,024. Anga ya buluu ikivutwa sana kwenye faili ya biti 8 hukatika vipande vyenye mistari. Picha nyingi zinazoshutumiwa kuwa zimeghushiwa, kwa kweli, ni faili dhaifu iliyolazimishwa kubeba mabadiliko makubwa kuliko uwezo wake.

Uwezo ulipoingia sinema

Ili kuelewa kwa nini suala hili ni jipya, turudi kwenye filamu ya utepe. Maabara ilichapisha nakala kwa taa tatu: nyekundu, kijani na buluu. Fundi aliweza kuongeza au kupunguza kila taa, lakini badiliko liliingia katika picha nzima, kama chumvi inavyoenea sufuria nzima isibaki kwenye nyama peke yake. Waongozaji wa filamu walioitaka rangi moja isimame peke yake walilazimika kuwatumia mafundi wa kushughulikia kila fremu, kama Steven Spielberg alivyofanya kwa koti jekundu la msichana katika Schindler's List ya 1993. Miaka mitano baadaye, Pleasantville ya Gary Ross ilipigwa kwa rangi, kisha rangi zikaondolewa kwa kompyuta katika sehemu zilizochaguliwa.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 2000 na O Brother, Where Art Thou? ya ndugu Coen. Hadithi yake ni ya Mississippi ya 1937, nayo ilihitaji mwonekano mkavu, wa vumbi, kama wa postikadi za zamani zilizopakwa rangi kwa mkono. Lakini ilipigwa wakati wa kiangazi cha huko, mimea ikiwa ya kijani kibichi. Mpiga picha wake, Roger Deakins, alijaribu njia za kemikali na kukuta kwamba haziwezi kuugusa ukijani peke yake. Hatimaye filamu nzima iliskaniwa, na majani yakasogezwa kutoka kijani kuelekea njano ya nyasi kavu, huku ngozi za waigizaji zikibaki salama. Filamu hiyo huhesabiwa kuwa ya kwanza kubwa ya Hollywood kurekebishwa rangi yote kwa dijitali, na Deakins aliteuliwa kuwania Oscar kwa kazi hiyo. Lililohitaji mitambo ya studio wakati ule leo liko ndani ya simu ya mtu anayehariri video za harusi. Uwezo umesambaa kwa kasi, lakini maadili ya kuutumia hayajasambaa nao, na juu yake kuna misimamo mitatu.

Msimamo wa kwanza: rangi ya kamera isiguswe

Wenye msimamo huu husema kwamba marekebisho ya picha nzima yanakubalika, bali kuchagua rangi moja ni kuingilia maudhui. Nguvu yao ni urahisi wa kanuni: mpaka unaonekana, na jaji wa mashindano au mhariri wa gazeti anaweza kuusimamia kwa kuomba faili ghafi na kulinganisha. Mwaka 2009 waamuzi wa mashindano ya picha za habari nchini Denmark walifanya hivyo kwa picha zilizopigwa Haiti, wakaziondoa kwa sababu rangi zake zilikuwa zimekolezwa kupita kiasi. Mwaka 2015 mashindano ya World Press Photo yaliondoa asilimia 20 ya picha zilizofika hatua ya kabla ya mwisho baada ya ukaguzi wa namna hiyo. Miongoni mwake zilikuwamo zilizotiwa giza hadi vitu vikapotea.

Udhaifu wake ni kwamba mpaka wenyewe umewekwa mahali pasipo sahihi. Juni 1994 jarida la TIME lilichapisha jaladani picha ya polisi ya mtuhumiwa O.J. Simpson ikiwa imetiwa giza, wakati Newsweek liliitumia picha hiyohiyo bila giza hilo. Wasomaji waliyaona majarida mawili kwenye meza moja ya muuzaji, na TIME likakosolewa vikali kwa kumfanya mtuhumiwa mweusi aonekane wa kutisha zaidi. Kilichopotosha pale si slaida ya rangi moja. Ni giza, badiliko la kawaida kabisa katika chumba cha uhariri. Ikiwa badiliko la jumla linaweza kupotosha kiasi hicho, basi kuliruhusu lote na kulizuia lile la rangi moja hakuulindi ukweli.

Msimamo wa pili: picha ni sanaa

Upande mwingine hudai kwamba kila picha ni tafsiri, kwa hiyo mpiga picha ana uhuru wote. Ushahidi wake ni mzito. Mwaka 2015 picha moja ya gauni iliwagawa watu duniani: wengine waliliona jeupe lenye dhahabu, wengine buluu na jeusi, na gauni lenyewe lilikuwa buluu na jeusi. Faili ilikuwa moja na tarakimu zilezile, lakini ubongo wa kila mtu ulikadiria mwanga wake kwa namna yake. Kama rangi hukamilikia ndani ya kichwa cha anayetazama, mhariri atalaumiwaje kwa kuchagua tafsiri moja?

Hoja hii inatosha kwa filamu ya kubuni, lakini inavunjika ikipelekwa nje ya hapo. Kwamba hakuna rangi iliyo kamili haimaanishi kwamba rangi zote zina ukweli sawa. Gauni lile lilipoangaliwa kwa macho kwenye mwanga wa kawaida, ubishi uliisha. Hata ndani ya sanaa uhuru huo una gharama zake. Filamu ya Traffic ya Steven Soderbergh, iliyotoka mwaka 2000, ilizivika sehemu za Mexico umanjano na za Marekani rangi nyingine, na tangu hapo umanjano umekuwa alama ya nchi za joto na umaskini. Filamu ya Extraction ilipotoka mwaka 2020, watazamaji wengi walilalamikia jiji la Dhaka kuonyeshwa chini ya anga ya manjano. Filamu moja ina haki ya kuchagua. Mkondo mzima wa filamu unapochagua vilevile, mtazamaji asiyewahi kufika huko huishia kuamini kwamba jua la watu maskini lina rangi yake.

Msimamo wa tatu: kipimo kwanza

Wa tatu ni wa wanasayansi na mafundi wa maabara. Wao huweka ndani ya picha kitu chenye rangi inayojulikana, kisha hurekebisha faili hadi kitu hicho kilingane na kipimo chake. Chati ya vipande 24 iliyotoka mwaka 1976 bado inatumika studioni. Mwaka huohuo, Julai, chombo cha Viking 1 kilituma picha ya rangi kutoka Mirihi, na katika toleo la kwanza anga ilionekana ya buluu kama ya Dunia. Wataalamu walirudi kwenye vipimo vya rangi vilivyokuwa juu ya chombo, wakasahihisha: anga ya pale ilikuwa na rangi ya vumbi jekundu-jekundu. Hadi leo NASA hutoa baadhi ya picha za Mirihi kwa matoleo mawili, moja la rangi zilivyo huko na jingine lililorekebishwa kana kwamba miamba iko chini ya jua la Dunia, ili wanajiolojia waitambue kwa urahisi. Matoleo yote mawili yana maelezo yake, na hayo ndiyo yanayoyafanya yote kuwa ya kweli.

Udhaifu wa msimamo huu ni wa kimatumizi. Mwandishi wa habari hawezi kusimamisha chati katikati ya maandamano. Tena kipimo chenyewe kinaweza kuwa na upendeleo: kwa miongo mingi maabara za filamu zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zilizoonyesha mwanamke mzungu, na ngozi nyeusi zikatoka bila maumbo wala undani. Malalamiko ya watengenezaji wa samani na chokoleti, ambao hawakuona tofauti za kahawia zao kwenye picha, yalichangia kuisukuma Kodak kuboresha filamu yake. Kipimo husaidia pale tu kinapowahesabu wote.

Ngozi na jani: mitihani miwili

Misimamo yote mitatu hupimwa vizuri kwenye ngozi. Nukta yetu ya kahawia ilikuwa nyuzi 28, na mwangaza wake ni kama asilimia 35. Ngozi nyeupe zaidi yenye tarakimu 224, 172 na 105 iko kwenye nyuzi 34, lakini mwangaza wake ni kama asilimia 65. Tofauti kubwa kati ya ngozi hizo mbili haiko kwenye aina ya rangi, iko kwenye mwangaza. Kwa hiyo slaida ya mwangaza wa rangi ya chungwa, inayotumika sana "kusafisha" nyuso kwenye picha za harusi na matangazo, ndiyo hasa inayomhamisha mtu kutoka ngozi yake kwenda nyingine. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vya kujichubua vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini filta inayofanya kazi hiyohiyo kwenye skrini huja ikiwa imewashwa tayari katika baadhi ya simu. Wapo wanaosema mtu mzima ana hiari ya kuonekana atakavyo. Ni kweli, endapo amechagua. Filta iliyowashwa bila kuulizwa haimpi mtu hiari, na tangazo la kipodozi lililong'arishwa linawauzia wengine matokeo ambayo chupa haiwezi kuyaleta. Norway, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2022, hutaka matangazo yaliyobadilisha umbo au ngozi ya mtu yawekwe alama. Suluhisho jingine ni kuboresha vipimo: mwaka 2022 Google ilitoa kipimo cha ngozi chenye ngazi 10 kilichobuniwa na Ellis Monk wa Chuo Kikuu cha Harvard, ili mifumo ya picha ijaribiwe kwa ngozi zote.

Mtihani wa pili ni jani. Programu ya simu ya Nuru, ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State na washirika wake, huwasaidia wakulima wa Afrika Mashariki kutambua magonjwa ya mihogo kwa kulipiga picha jani. Batobato la mihogo huonekana kwa mabaka ya njano au ya kijani kilichopauka. Sasa kumbuka Mississippi: kulisogeza jani kutoka kijani kwenda njano kulikuwa kazi ya kisanii iliyosifiwa. Badiliko lilelile, kwa slaida ileile, likifanywa na filta kwenye picha ya mkulima, linaweza kulipatia jani lenye afya dalili za ugonjwa. Na filta ya kuukoleza ukijani inaweza kuuficha ugonjwa uliopo. Vivyo hivyo tembo wa Tsavo: wekundu wao unatokana na udongo wanaojipaka, na mhariri anayeupunguza akidhani ni kosa la kamera anafuta habari ya kweli kuhusu mahali pale. Mbinu haikubadilika katika mifano yote hii. Kilichobadilika ni ushahidi uliobebwa na rangi.

Kupima hoja

Hapo ndipo misimamo mitatu inapopata nafasi zake. Katika hadithi ya kubuni rangi hubeba hisia, na uhuru wa msanii unatawala, ilimradi asiigeuze nchi ya wengine kuwa rangi moja ya kudumu. Katika habari rangi hubeba tukio, na tahadhari ya wenye msimamo wa kwanza ina haki ya kutawala, lakini kwa kuuliza maana imebadilika au la badala ya kuuliza slaida ipi imetumika. Katika biashara, tiba, kilimo na sayansi rangi ndiyo bidhaa au dalili yenyewe, na kipimo kinatangulia. Muuza vitenge anayeweka karatasi nyeupe pembeni ya kitambaa na kupiga picha mchana kivulini anamtendea haki mnunuzi kuliko yule anayetegemea filta.

Pingamizi kubwa ni hili: nani ataamua rangi fulani inashuhudia nini? Jibu ni kwamba anayetegemea picha ndiye kipimo. Mnunuzi anaitegemea rangi ya kitambaa, daktari anayetumiwa picha ya upele anautegemea wekundu wake, msomaji anaitegemea sura ya mtuhumiwa. Mhariri anayeweza kumweleza mtu huyo waziwazi alichobadili, bila mtu huyo kujiona amedanganywa, yuko upande salama. Wengine watasema watazamaji wa leo wanajua kila kitu kinahaririwa. Wanajua kwa ujumla, hawajui kwa picha iliyo mbele yao, na shaka ya jumla ina hatari yake: humpa mwongo nafasi ya kuikana hata picha ya kweli.

Muhtasari

Kila picha ya kidijitali ina maamuzi ya rangi ndani yake, kwa hiyo kudai picha isiyoguswa ni kudai kisichokuwepo. Kubadili rangi moja kuna faida halisi, na kunafanikiwa zaidi pale faili inapokuwa na taarifa za kutosha, uchaguzi wa rangi unaposaidiwa na maski, na rangi iliyolengwa inapokuwa mbali na ngozi. Mpaka wa uadilifu haupiti kati ya badiliko la jumla na la rangi moja. Unapita kati ya rangi inayopamba na rangi inayoshuhudia. Basi kila mhariri ahifadhi faili ya awali, azime filta ya ngozi hadi mwenye uso atakapoiomba, na aandike alichobadili pale ambapo mtu mwingine atanunua, atatibu, atapanda au atahukumu kwa kuitegemea rangi hiyo.